Amplifaya Aliyoirithi Baba Mdogo

Vumbi likiungua juu ya kioo cha moto lina harufu yake. Si ya kuni wala ya mafuta ya taa; inakaribia ile ya nguo iliyokawizwa chini ya pasi, ila ina utamu kidogo mwishoni. Katika utoto wangu harufu hiyo ilichanganyika na ya pumba, kwa sababu baba yangu hakuwa na mahali pa kupigia gitaa la umeme isipokuwa kwenye mashine ya kukoboa mpunga, Kyela mjini. Sisi tuliishi Busale, na umeme wakati huo ulikuwa habari ya watu wengine. Kila Jumamosi baba aliifunga amplifaya yake nyuma ya baiskeli, ameiviringisha blanketi kama mgonjwa anayepelekwa hospitali, mimi nikakaa mbele kwenye fremu nimekumbatia gitaa, tukaenda. Mwenye mashine alikuwa rafiki yake. Mtambo wa kukobolea ulipozimwa ili upoe, jenereta iliachwa ikinguruma nyuma ya ukuta, na baba aliruhusiwa kuchomeka waya wake. Akina mama waliosubiri zamu walikaa juu ya magunia yao na kusikiliza. Nilikuwa nikijivuna kwamba baba yangu ana wasikilizaji wengi hivyo. Sikujua kwamba wasikilizaji wale hawakuwa na namna ya kuondoka kabla mchele wao haujatoka.

Baba aliileta amplifaya hiyo kutoka Zambia, alikofanya kazi migodini ujanani. Ilikuwa ndogo, mtu mmoja aliweza kuibeba mkononi bila kuinama, yenye kitambaa cha kahawia mbele. Nyuma yake, ukichungulia, uliziona taa za kioo zikiwaka polepole hadi zikawa na rangi ya mawese. Haikusema neno kabla taa hizo hazijapata moto. Ikishapata moto, sauti yake ilikuwa safi. Natumia neno hilo kwa woga, kwa kuwa siku hizi najua watu wazima wenye shahada wanaoweza kugombana juma zima juu ya maana yake, na mimi ni mmoja wao. Lakini mtu wa Kyela nitamweleza kwa urahisi: kila uzi ulisikika peke yake, kama wali wa mchele wetu ukipikwa na mtu anayejua, punje hazishikani, na bado ni chungu kimoja.

Baba alinifundisha kupiga kwa dole gumba na kidole cha shahada, na alinifundisha miiko miwili ya boksi lile. Wa kwanza, kifundo cha sauti kisivuke nusu, kwa sababu ndogo ikilazimishwa kupiga kelele za kubwa hukwaruza. Wa pili, nisiiwashe kamwe kama waya wa spika umechomolewa. "Nguvu ikikosa pa kutokea hugeuka nyuma ikaunguza transfoma," alisema, "na transfoma ya namna hii huku hatuna." Alikuwa akisema nami kama anayekabidhi ofisi. Jioni moja, tukila ndizi za mbalaga, alimwambia mama kwamba boksi na gitaa ni vya binti huyu, asije mtu akasema vingine. Mama aliitikia. Tulikuwa watatu tu mle jikoni, na mwanamume mzima mwenye afya hafikirii kuita mashahidi ili ale ndizi.

Mwanzoni mwa masika, nikiwa darasa la tano, baba alishikwa na homa, akafa kabla maji hayajapungua barabarani. Masika ya Kyela hayana adabu. Tulizika katika udongo uliokuwa ukirudi kaburini wenyewe bila kusubiri majembe. Matanga yalipoisha, wakubwa wa ukoo walikaa wakamsimamisha baba mdogo mahali pa kaka yake, kama ilivyokuwa desturi yetu. Alirithi baiskeli, mikakao, gitaa na amplifaya. Sitaki kumfanya baba mdogo kuwa jitu baya, ingawa ingenirahisishia kazi. Alikuwa mfanyabiashara wa Kasumulu, anavuka daraja la Songwe kwenda na kurudi, ana shangazi na wajomba upande wa Malawi, na anacheka kwa sauti ambayo daraja lenyewe lingeweza kuitumia kama honi. Alimlilia kaka yake kuliko sisi wote. Kisha akaifunga amplifaya kwenye baiskeli, bila blanketi.

"Shemeji," mama alimwambia, "marehemu alisema ni ya mtoto. Anapiga."

"Mtoto wa kike ampigie nani gitaa?" alijibu baba mdogo, bado anakaza mpira. "Wachumba? Hao watakuja tu, shemeji, hata kwa filimbi."

Waliokuwepo walicheka. Mama hakuwa na shahidi mwingine ila mimi, na mimi nilikuwa ndiye mwenye kesi. Mwenye nguvu mpishe, wanasema wahenga, ambao nashuku wengi wao walikuwa ndio wenye nguvu.

Baba mdogo alikuwa na kilabu kidogo cha pombe pale Kasumulu, mahali penye umeme, naye alimpata kijana wa kupiga gitaa. Shida ilikuwa udogo wa sauti ya boksi. Alitaka muziki wake uvuke mto. "Nataka Wamalawi wausikie bila kuulipia ushuru," alituambia alipokuja Busale siku moja, na ni kweli hata mama alitabasamu. Nilimwambia habari ya kifundo kisichovuka nusu. Nilimwambia na habari ya waya wa spika. Alinipapasa kichwa akasema ndaga fijo, asante sana, mwalimu. Juma lile lile alichomoa spika ya ndani ili aunganishe zile spika za pembe zinazofungwa juu ya magari ya matangazo, na kabla hajamaliza kuunganisha aliiwasha ajaribu. Kijana wa gitaa alisema palitoka moshi kidogo, basi. Taa ziliendelea kuwaka vizuri kabisa. Boksi lenyewe lilikuwa kimya.

Ingekuwa mahali pengine, hadithi ingekwenda kwa fundi. Lakini katika siku hizo hizo baba mdogo alishikwa na homa kali, na kwetu mambo mawili yakitokea pamoja hayaachwi yaende kila moja na njia yake. Wazee wetu waliamini kwamba ndugu akinuna moyoni bila kusema, manung'uniko yake humwangukia aliyemkosea. Dawa yake haiuzwi dukani: mnakutana, kila mwenye kinyongo anakisema mbele ya wote, kisha anajaza maji mdomoni na kuyapuliza chini, na hasira inatoka nayo. Nimesoma chuo kikuu, na huko nimeisifia desturi hii mbele ya wageni waliokuwa wakiandika kila neno. Ni desturi nzuri sana. Nasema hivyo kama mtu aliyepuliza.

Tulikutana nyumbani kwetu. Baba mdogo aliletwa amefunikwa shuka, na amplifaya ililetwa pia, ikawekwa kwenye mkeka pembeni yake, wagonjwa wawili. Aliyeongoza alikuwa shangazi, dada mkubwa wa baba, mwanamke mwembamba aliyezungumza polepole na ambaye hakuna mtu niliyewahi kumwona akimkatiza. Alianza na mama.

"Sina neno," alisema mama.

"Mjane asiye na neno ndiye mwenye maneno," alisema shangazi. Mama alipokea kikombe, akapuliza. Kisha shangazi akanigeukia. "Na wewe, mwanangu?"

Nilikuwa nimejiandaa. Nilieleza waya wa spika, nikaeleza nguvu inavyogeuka nyuma, nikainuka nikaonyesha kwa kidole transfoma yenyewe, imebadilika rangi upande mmoja. Hata leo, na mihadhara yote niliyotoa, sijapata kueleza jambo kwa ufasaha kama siku ile. Shangazi alinisikiliza hadi mwisho.

"Hatukuulizi habari za waya," alisema. "Tunakuuliza habari za moyo. Una hasira au huna?"

Swali hilo lilikuwa na mtego pande zote mbili. Ningesema sina, ningekuwa mwongo, na kila mtu mle ndani aliniona nimenuna kuanzia msibani. Ningesema ninayo, ningekuwa nimekiri kuiua amplifaya na kutaka kumuua baba mdogo. Nilimtazama mama, alikuwa akiutazama mkeka. Nikasema ninayo. Nikasema kitu kile ni changu, baba alinipa, na baba mdogo ameniharibia. Watu waliguna kwa kuridhika, kama fundi aliyekipata kipande kilicholegea. "Sasa sema umeachilia," alisema shangazi. Nikasema nimeachilia. Maji yalikuwa na ladha ya kikombe cha bati. Nikapuliza.

Baba mdogo alipona. Amplifaya haikupona. Ukitafakari utaona ni hukumu isiyoshindika: kupona kwake kulithibitisha kwamba hasira yangu ndiyo iliyomlaza, na ukimya wa boksi ulithibitisha kwamba nimebakiza nyingine. Shangazi alikuja tena, safari hii peke yake, akazungumza na mama uani. Alisema hakuna haja ya kikao cha pili na kumwaibisha mtoto. Ila nisiguse tena gitaa, lisije likaniamshia nilichobakiza. Alisema kwa upole, kwa kunionea huruma. Mama alikubali, kwa sababu mikakao tuliyoishi kwayo sasa ilikuwa ya baba mdogo, na mkono unaokulisha huuwekei masharti. Gitaa lilivukishwa daraja likauzwa. Boksi likarudishwa kilabuni likawa kiti. Mimi nikapelekwa kwenye vitabu, nikafaulu, na kila nilipofaulu walisema unaona, akili ilikuwa inaliwa na gitaa.

Siku hizi nina kazi yenye meza, na umri ambao wenzangu wa kiume kazini wananunua pikipiki kubwa au wanaoa tena. Mimi nilianza kutafuta amplifaya ndogo ya taa, yenye sauti safi, kwa bei ya mtu anayelipa ada za watoto. Kariakoo muuzaji mmoja aliniuliza, "Mama, ya kanisani au ya harusini?" akanionyesha spika ndefu kuliko mimi, zinazomulika rangi kila mdundo unapopiga. Nilipomweleza ninachotaka, alimwita mwenzake aje asikie. Mtandaoni nilikuta zile zenye kompyuta ndani, zinazoigiza taa bila kuwa nazo, na zile za kweli, zinazouzwa kwa bei ya kiwanja. Nilisoma hoja za watu wa nchi za mbali kuhusu taa za zamani na za sasa mpaka wanafunzi wangu wakakosa masahihisho yao. Mwishowe binamu yangu wa upande wa Malawi alinipatia moja iliyokuwa imekaa miaka mingi kwenye stoo ya misheni, ndogo, nzima, na bei yake ilikuwa nafuu kwa sababu tu aliyeiuza hakujua inafanya nini. Nilikwenda kuipokea Kasumulu, nikaipeleka Busale. Nyumbani sasa kuna umeme. Nilichomeka gitaa la mtumba nililokuwa nimenunua, nikahakikisha waya wa spika, nikawasha, nikasubiri, nikagusa uzi mmoja.

Sauti ilikuwa ile ile. Kumbukumbu haikuwa imenidanganya hata kidogo, jambo ambalo nililiombea miaka yote na ambalo, lilipotokea, liliniumiza. Kwa kuwa baada ya uzi ule mmoja nilitaka kupiga wa pili. Samaki mkunje angali mbichi. Mimi ni usipa, dagaa wa ziwa letu, uliokwisha kuanikwa, ukafungwa kwenye gunia, ukasafirishwa. Vidole vilijua vinataka kwenda wapi, na havikufika. Sauti safi haina huruma na mtu asiyejua: kila kosa linasikika peke yake, duara, linang'aa. Amplifaya inayokwaruza ingenifichia aibu.

Baba mdogo bado yupo. Mzee sasa, anatembelea fimbo, anaishi nyumba ya jirani na ile ya mama, na ada zangu za shule, lazima niseme, zilitoka kwenye mikakao ile. Aliusikia muziki akaja, akakaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, akasikiliza kwa muda mrefu nikiharibu wimbo ambao baba aliupiga bila kutazama vidole. Nilisubiri aseme kitu kuhusu kaka yake. Nadhani nilisubiri na kitu kikubwa kuliko hicho.

"Kumbe ndiyo hii tu?" alisema mwishowe, kwa mshangao wa kweli, bila ubaya wowote. "Kasauti kadogo hivi? Na ulinuna kiasi kile, mama?"

"Sikununa, baba," nilimwambia. "Ilikuwa transfoma."

Alitikisa kichwa kwa upole, kama mtu aliyekwisha kusamehe zamani, akaniambia niongeze sauti kidogo, masikio yake siku hizi hayasikii vizuri. Nikaongeza mpaka nusu. Akanisihi niongeze tena. Nikamwambia mwisho wake ni hapo, nikaendelea kukosea.