Kaseti Iliyopanda Mlima

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Mwalimu Cirhuza alitoa mawe manne ya betri kwenye redio-kaseti yake na kuyaanika juu ya kibanda cha sungura, yapate jua. Mawe mapya yalikuwa ghali sokoni Nyawera, na haya ya zamani bado yalimsikiliza.

Goti lake ndilo halikumsikiliza tena. Mwaka ule wa 1979, direkta wa shule yao ya Bagira alimwambia waziwazi kwamba mwalimu wa jiografia asiyeweza kupanda mlima, darasa lake apewe mwingine. Cirhuza akaomba ajaribiwe safari moja tu. Jumapili nzima akajifungia chumbani, akaisomesha kaseti, akirekodi somo zima. Kisha redio akamkabidhi Nabintu, mwalimu msichana aliyetoka chuo kikuu juzijuzi, ambaye mbele ya watoto sauti ilikuwa ikimpotea.

Nabintu na watoto wakapanda mlima; direkta akawafuata nyuma, mikono mgongoni.

Kileleni Nabintu akabonyeza.

"Bonjour, watoto."

"Bonjour, Mwalimu!" wakaitikia wote arobaini, wamesimama wima mbele ya redio. Mzee Cirhuza alikuwa amewaachia kwenye kaseti nafasi ya kujibu.

"Ziwa iko upande gani?"

"Mashariki!"

"Na mlima Kahuzi, munaiona? Wewe wa nyuma, acha michezo."

Wa nyuma akashtuka, akaacha.

Somo lilipofika kwenye mto Ruzizi, sauti ikaanza kujivuta, nzito kama ya mlevi. Watoto wakaangua kicheko. Ikazimika.

"Basi, mademoiselle, tushuke," direkta akasema. "Mwalimu wenu amechoka."

Jua lilikuwa limejificha mawinguni. Nabintu akasikia maneno yakimtoka: "Bado, direkta. Watoto wanne, muje mutie mawe kwa kwapa, yapate joto!"

Wakacheka, wakabana viwiko, wakangoja. Mawe yaliporudishwa, redio ikafufuka.

"…maji inatokea pale kusini. Inaenda wapi?"

"Tanganyika!" Direkta naye alijibu, kabla hajajizuia.

Jioni Nabintu alimkuta Cirhuza kizingitini, akikodolea njia macho.

"Direkta amesema utabaki na darasa lako."

"Eh! Na mawe yangu?"

"Tuliyatia kwapani."

Mzee akacheka mpaka akashika goti. Nabintu alikuwa na swali moja, alilolibeba mlima mzima.

"Mwalimu, ungeandika tu somo kwa karatasi, mimi ningewasomea. Sababu gani kaseti?"

"Nilitaka kwenda nao."