Pikipiki Inayolala Sebuleni

Najua mkasa huu mmeshausikia kwa Bi Mwanahawa, tena na chumvi zake zote, eti Mama Zai kamwogesha daktari wa watu maji ya nepi katikati ya mtaa kwa makusudi, basi bora niseme mwenyewe, aibu ni yangu na simwachii jirani aitembeze kama sinia la kashata. Maji nilimmwagia, kweli. Nepi zilikuwemo, kweli. Makusudi, hapana. Mwenye makosa ni mume wangu, au ndivyo nilivyoamini mpaka nusu ya mkasa, baada ya hapo sijui tena, nimechanganyikiwa mpaka leo.

Mume wangu, Shabani, ana pikipiki ya Kitaliano. Msifikirie bodaboda. Hii ni nyekundu, ya mbio, ya zamani kuliko mimi kujua kusoma, aliachiwa na Mtaliano mmoja aliyekuwa na nyumba ya wageni hapa Bagamoyo, Shabani akimtunzia jenereta na mashine zake. Mtaliano alipofunga akarudi kwao, wenzake Shabani waligawana mafriji na vitanda, wangu mimi akachagua pikipiki. Vitanda vilikuwepo! (Sisi tulikuwa tunalala godoro chini.) Ukiiendesha unalala kifudifudi juu ya tangi kama mtu anayekandwa mgongo, na abiria anatundikwa juu nyuma kama jogoo kwenye paa. Nilipanda mara moja tu, mpaka Msata kumsalimia shangazi, nikashuka magoti hayanyooki, shangazi akaniuliza kama nina mimba nyingine.

Lakini kuipanda ni mara chache, kazi ni kuilea. Ndani ina mikanda miwili ambayo lazima ibadilishwe hata kama pikipiki haijatembea, sijui kwa nini, inazeeka kwa kukaa tu kama ndizi, na kila kipuri chake kinatoka Ulaya kwenye bahasha. Na kwa kuwa hewa ya hapa pwani inakula chuma, pikipiki hailali nje. Inalala sebuleni kwangu, imefunikwa shuka langu la harusi, lile la maua. Cherehani yangu, inayoleta mboga nyumba hii, imekaa kwenye korido, gizani, jirani na mlango wa choo. Mteja wa dera anapimwa kiuno akiwa amebanwa kati ya ndoo na ukuta!

Nikasema basi. Kabla ya Idi naitaka sebule yangu, dirisha lake linatazama njiani, nitundike madera watu wayaone. Nikagomba, nikanuna, nikagomba tena, mwisho Shabani akakubali kuuza, akampata daktari mmoja wa Dar mwenye wazimu wa pikipiki za aina hiyo, akasema atakuja Jumamosi asubuhi kuijaribu, akiipenda anaondoka nayo palepale. Siku ile Shabani hakugusa chakula. Nilikula changu na chake.

Sasa kosa lenyewe. Pikipiki hii ikiwashwa inalia. Siyo ngurumo, ngurumo naijua, hii ni kelele nyingine, inatoka upande wa kulia kwenye kifuniko chenye matundu, kwacha-kwacha-kwacha, kama vijiko vilivyotiwa kwenye sufuria vikatikiswa. Zai wangu, ana mwaka na nusu, alijua kuiiga kabla hajajua kusema baba. Nilimuuliza Shabani mara ngapi sijui, jibu lake lilikuwa moja: "Ndivyo ilivyo, Mama Zai, usiiguse." Ndivyo ilivyo! Hayo ni maelezo?

Ijumaa, Shabani kaenda msikitini, nikalifunua shuka, nikachungulia kwenye yale matundu. Kukavu! Vumbi jeusi tu, chuma juu ya chuma. Nikasema kumbe. Mimi ni fundi cherehani, mashine ikilia unaidondoshea mafuta inanyamaza, hilo halihitaji Mtaliano, na huyo daktari akiisikia kelele ile atageuza gari arudi Dar na mimi nirudi koridoni. Nikachukua kichupa changu cha mafuta ya cherehani, nikakipenyeza mdomo kwenye tundu, nikakamua. Kwa cherehani matone mawili yanatosha, lakini dude lile ni kubwa, nikamaliza chupa nzima, nikafungua na ya akiba. Bi Mwanahawa akapita dirishani (huyu hajawahi kupita akatazama mbele).

"Unaifanyaje hiyo, mwanangu?"

"Shikamoo, bibi. Naifuta vumbi."

"Marahaba. Kwa kichupa?"

Nikajifanya nasikia mtoto analia.

Jumamosi daktari akaja kweli, kaletwa na rafiki yake kwa gari, na jua lile kavaa koti la ngozi, glavu na helmeti utadhani anakwenda vitani. Mtaa mzima ukatoka. Shabani akaitoa pikipiki akaiwasha, na ile kelele ikawa imefifia, imekuwa nzito, kama mtu anayetafuna mdomo umefungwa. Moyo wangu ukacheka. Lakini Shabani akainamisha kichwa, akasikiliza, akazima, akawasha tena. "Ajabu," akasema. Daktari naye akakunja uso. Sikuwaelewa, wamepata pikipiki iliyotulia, wananuna.

Mtaa wetu una kimlima kabla ya kufika lami. Daktari akapanda, akatia gia, ikatambaa mpaka kwenye kimlima, ikasimama. Injini inanguruma, tairi halizunguki. Akapiga resi, injini ikapandisha sauti hadi kuku wakakimbia, na pikipiki, badala ya kwenda mbele, ikaanza kurudi nyuma taratibu kuelekea kwetu. Mimi nilikuwa barazani nafua, nikasimama na povu mikononi.

"Tia gia!" nikapaza sauti.

"Iko kwenye gia, shemeji!"

"Basi tia nyingine! Daktari gani anashindwa na pikipiki aliyoifuata toka Dar?"

Watu wakacheka, kichwa kikanivimba, nikamgeukia mume wangu mbele ya wote. "Na wewe! Unamwita mtu wa watu umuuzie ubovu! Kila siku unaifuta kama bibi harusi, kumbe hata kimlima hiki haipandi!" Shabani alikuwa anaitazama pikipiki yake kama mtu aliyeamka kwenye nyumba siyo yake.

Ilipofika mbele ya baraza, moshi ukatoka. Mweupe, kwenye yale matundu, na harufu ya kuungua, na mimi ninachokijua ni kwamba tangi la petroli liko chini ya tumbo la daktari. Nikapiga ukelele, "Moto!" nikanyanyua beseni lililokuwa miguuni pangu, nikalimwaga lote.

Daktari akaruka. Pikipiki ikalala ubavu, kioo kikavunjika. Moto haukuwepo. Kilichokuwepo ni daktari wa watu kasimama anachuruzika povu, na nepi moja ya Zai imemkaa juu ya helmeti (na nepi zile, niseme ukweli, zilikuwa bado maji ya kwanza).

Angenitukana ningejua pa kushika. Hakutukana. Alivua helmeti, akaitoa nepi kwa vidole viwili, akachuchumaa, akaingiza kidole kwenye tundu la kifuniko, akanusa.

"Haya mafuta nayajua. Mama yangu alikuwa fundi nguo. Nani katia mafuta ya cherehani humu?"

Bi Mwanahawa akasafisha koo. "Mama Zai, ndilo lile vumbi ulilokuwa unalifuta jana?"

Shabani akanigeukia. Hakupaza sauti, afadhali angepaza. "Ya nini, Mama Zai?"

"Inyamaze. Ili aichukue."

"Hii klachi ni kavu. Imetengenezwa iwe kavu. Ukitia mafuta sahani zake zinateleza, hazishikani, injini inazunguka peke yake."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia usiiguse."

Jamani, huko ni kuambia? Mtu anaambiwa sababu! Nikatazama huku na huku nipate wa kuniunga mkono, nikamwona Zai tu, kakaa kwenye beseni tupu, anapiga makofi.

Daktari akasema pikipiki bado anaitaka, ila siku itakapopona. "Shemeji, mimi nilikuja kuisikia ile kelele," akaniambia, na mpaka sasa sijaelewa mtu mzima anasafirije kuja kusikiliza vijiko. Akapanda gari la rafiki yake, wakamtandikia gazeti kwenye kiti.

Sahani za klachi ziko njiani kutoka Italia, wanasema. Shabani kaifungua pikipiki yote sebuleni, kaipanga vipande vipande juu ya mkeka, na zamani ilichukua nusu ya chumba, sasa imechukua chote. Madera ya Idi niliyashona koridoni. Hasira zangu kwake ziko palepale, lakini nimeapa, mafuta yangu ni ya cherehani yangu, na kikavu cha mtu nitakiacha kikavu. Na kila nikisali naombea kitu nisichokiamini mwenyewe, kwamba siku moja niwe nashona pale karibu na choo, niisikie tena kwacha-kwacha-kwacha. Juzi niliisikia, nikaacha dera kwenye sindano nikakimbia sebuleni. Alikuwa Zai.