Niliyeshika Ubao wa Brauni

Mwaka 1992, nikiwa na umri wa miaka ishirini na mmoja, ng'ombe wetu wote waliisha kwa ugonjwa wa ndigana. Tulitoka nao Shinyanga wakiwa kundi la kueleweka, tukafika Kakese, na masika moja tu ikabaki fimbo ya kuchungia. Baba naye hakukaa sana, akafariki. Nikabaki na mama, na majaruba mawili ya mpunga ya kukodi, na nyumba ya udongo ambayo ukuta wake wa magharibi ulikuwa unameguka kila mvua ikinyesha. Shule niliishia darasa la tatu. Nalisema hilo mapema ili mtu asije akasema nimeficha.

Kampuni moja ya barabara ilikuwa imepiga kambi nje kidogo ya mji wa Mpanda. Nikaenda kuomba kibarua cha kokoto. Getini wakaniambia kokoto zina watu, uwanjani ndiko hakuna.

"Uwanja wa nini?"

"Wa gofu."

Sikuuliza tena. Mwenye njaa haulizi jina la chakula.

Msimamizi wa Uwanja alikuwa mzee wa Kikonongo, mfupi, anavaa kofia ya sufu hata jua la saa nane. Alinitazama kuanzia miguuni.

"Wewe Msukuma, ushawahi kuona gofu?"

"Sijawahi."

"Vizuri. Hutanibishia."

Hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini. Alinipa ndoo na chekecheo, nikachekecha mchanga mpaka jioni.

Nieleze kwa nini mchanga. Nyie mnaoona gofu kwenye televisheni mnaona shimo limezungukwa na majani mafupi laini kama zulia. Majani yale yanataka maji kila siku. Kiangazi cha kwetu yangekufa wiki ya kwanza. Kwa hiyo mahali pa shimo tuliweka duara la mchanga mwembamba, upana wa hatua kumi hivi, tukauchanganya na oili chafu ya karakana ili upepo usiupeperushe na mvua isiuchimbe. Duara hilo tuliliita brauni. Uwanja wetu ulikuwa na mashimo saba, na kila shimo lilikuwa na kopo ndani yake. Mchezaji anapiga mbali mpaka anafika kwenye brauni, akishafika hapo hapigi tena, anaputi, yaani anausukuma mpira taratibu kwa fimbo fupi uingie kwenye kopo. Watu wanadhani gofu ni kupiga mbali. Gofu inashindiwa kwenye hatua kumi za mwisho.

Wiki yangu ya pili Msimamizi alipata msiba Inyonga. Akaniachia kazi: brauni ya nne imeharibika, ng'ombe wamepita juu yake, niitengeneze kabla ya Jumamosi. Ng'ombe wenyewe walikuwa wa ndugu zangu Wasukuma, hilo sikumwambia. Nikaitengeneza kwa ujuzi wote niliokuwa nao. Nilimwaga maji nikaangalia yanaelekea wapi, nikajaza mabondeni, nikakwangua vilimani, mpaka maji yakatulia sawasawa kila upande. Kisha nikazungushia tuta dogo zuri. Nikasimama nikajisifu.

Ijumaa mvua ikanyesha. Jumamosi Meneja wa Kambi akafika na fimbo zake.

"Hiki ni nini?"

"Brauni, bwana."

"Mbona ina vyura?"

Msimamizi, aliyekuwa amerudi asubuhi hiyo, aliinama akashika magoti kwa kucheka. "Nyie Wasukuma mkiona ardhi mnataka kupanda mpunga tu! Meneja usikasirike, mwezi wa tano tutavuna."

Meneja hakucheka. Alikuwa mhandisi, mtu mrefu asiyependa kurudia neno. Aliniambia nikachukue changu niende. Nikamwambia, "Nipe mpaka Jumatatu. Maji nayajua yanakotaka kwenda. Nilichokosea ni kuyazuia."

Akanipa. Nikavunja tuta, nikaipa brauni mgongo na mteremko mdogo ambao jicho halioni ila maji yanauona. Jumapili ikanyesha tena, Jumatatu brauni ilikuwa kavu. Nikabaki. Tena baada ya mwezi Msimamizi akaniambia nizifumue zote saba nizijenge upya. Ndivyo nilivyokuja kuzijua kuliko mtu yeyote.

Kutoka hapo nikawa kedi, mtu anayembebea mchezaji mfuko wa fimbo na kumshauri. Wenzangu walisoma brauni kwa macho, wanachuchumaa nyuma ya mpira wanafumba jicho moja kama wawindaji. Mimi nilivua viatu. Unyayo unajua mteremko kabla ya jicho, muulize yeyote aliyewahi kutembea kwenye jaruba lenye maji ya tope. Nilikuwa nazunguka kutoka kwenye mpira hadi shimoni upande wa chini, halafu nasimama hatua mbili kabla ya kopo. Hapo ndipo pa kusoma. Mpira ukiwa na nguvu hausikii mteremko. Ukichoka ndio unausikia. Kwa hiyo ule mteremko wa karibu na shimo ndio unaokuibia, siyo huu ulio mbele ya miguu yako.

Pia nilikuwa naangalia oili. Mchanga uliotiwa oili juzi ni mzito, mpira unakwenda kama umebeba mzigo. Mchanga wa alasiri uliokauka unakimbia. Brauni ile ile, asubuhi na jioni, ni brauni mbili.

Meneja alinichukua niwe kedi wake. Alikuwa na mabega, mpira wake wa kwanza ulikuwa unapotea angani. Lakini kwenye kuputi alikuwa hovyo kabisa. Leo anaingiza wa hatua sita, kesho anakosa wa hatua moja.

"Maganga, tatizo langu nini?"

"Kila siku unakuja mtu mwingine."

"Unasemaje?"

"Jana ulitazama shimo mara mbili, leo mara tano. Jana miguu iko karibu, leo imeachana. Fimbo haijui bosi wake ni yupi."

Aliitazama fimbo mkononi. Kisha akasema, "Endelea."

Nikamwekea utaratibu, na huo ndio nawapa nyie bure. Kwanza amua mwendo, halafu ndio uamue mstari, kwa sababu mpira wa haraka na wa polepole haupiti njia moja. Tazama shimo mara mbili, basi. Vuta pumzi, iachie, sukuma. Fimbo irudi nyuma kadiri itakavyokwenda mbele. Na kichwa kisiinuke. Kichwa kikiinuka bega linafuata, na bega likifuata mpira umeshapotea. Nilimwambia, "Usitazame kama umeingia. Sikiliza kopo. Sikio ndilo liangalie."

Kila jioni alisukuma mipira ishirini ya hatua moja, kisha ishirini ya hatua mbili, kisha ya tatu. Akikosa mmoja anaanza upya. Alinitukana sana siku hizo. Ndani ya miezi mitatu hakuna mtu kambini aliyetaka kucheza naye kwa dau la soda.

Kila mwisho wa mwaka kambi yetu ilicheza na kambi ya Tabora kugombea kikombe. Mwaka uliotangulia kilikuwa kwetu. Wiki moja kabla ya mchezo Meneja aliniita ofisini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Kikombe kikibaki hapa, Jumatatu unasaini ajira ya kudumu. Na chumba cha bati kule mstari wa mafundi."

Nilikwenda kumwambia mama. Alitazama ule ukuta, akasema, "Basi usipaze sauti, usije ukakusikia ukaanguka kwa furaha."

Aliyekuja kutoka Tabora alikuwa Mkaguzi wa Mradi, mzee mwembamba mwenye miwani, anaputi kama anayetia uzi kwenye sindano. Walikwenda sambamba siku nzima. Kwenye brauni ya saba Mkaguzi akamaliza. Meneja akabaki na mpira wa hatua nne. Akiingiza, wamelingana, na wakilingana kikombe kinabaki kwa mwenye nacho. Akikosa, kinakwenda Tabora.

Sasa mjue sheria moja ya brauni. Kwa sababu mchanga unashika nyayo za watu, mchezaji anaruhusiwa kusawazishiwa njia moja kutoka mpira ulipo mpaka shimoni, mara moja tu. Kazi hiyo ni ya kedi. Anatumia ubao wa urefu wa mkono, wa mninga, wenye mpini, anauburuza kutoka mpirani kupita shimo. Ukiuburuza sawa, njia inakuwa bapa. Lakini ubao ukiuchonga uvimbe kidogo katikati, au ukaukandamiza kwa ufundi, unaacha mfereji mwembamba. Aliyesimama hauoni. Mpira ukiingia humo hautoki mpaka kwenye kopo.

Meneja alisogea kama anayenipa fimbo. Akasema chini kwa chini, "Kandamiza."

Nikajifanya sijasikia.

"Maganga. Kandamiza katikati. Ajira yako iko kwenye huo ubao."

Sitawadanganya, kitu cha kwanza nilichokiona ni ukuta wa mama. Cha pili nilimwona mtu mmoja wa Kakese ambaye simtaji jina. Huyo alitoboa tuta la jirani akaiba maji ya mpunga. Hakuna aliyempiga. Waliacha tu kwenda kwake. Kupandikiza peke yake, kuvuna peke yake, alipofiwa akachimba kaburi yeye na shemeji yake. Mwaka wa pili akahama. Kwetu mfereji wa siri hauna udogo.

Nikauburuza ubao bapa. Nikamwambia kwa sauti ya kawaida, "Lenga nyayo mbili kulia kwa shimo. Upande wa kushoto unavuta kuelekea mtaroni. Mwendo wa kufia kwenye kopo."

Alinitazama. Nadhani hakuamini kama ni bapa kweli, au hasira zilimziba masikio. Hakuvuta pumzi. Alilenga shimo lenyewe, akausukuma kwa nguvu, na kichwa kikainuka kabla mpira haujaondoka. Ulipita kushoto kwa upana wa vidole viwili. Kopo halikulia.

Mkaguzi akavua kofia, wakapeana mikono. Msimamizi wa Uwanja alipita juu ya ule mstari polepole, akautazama, akanitazama mimi. Aliona kuwa ni bapa.

Jumatatu hapakuwa na karatasi. Palikuwa na lori. "Kuna kokoto Mwese," Meneja akasema. "Panda."

Mwese ni milimani, baridi, barabara yake wakati ule ukitaka kufika unashuka unalisukuma gari. Nyapara wa Kokoto aliniuliza nimefanya nini huko mjini.

"Nimekataa kuchimba."

"Ahaa. Hapa utachimba."

Nikachimba miezi minane. Katikati ya masika nikapata habari kuwa ukuta umeanguka. Mama alikuwa nje anapepeta mchele, kilichokufa ni mtungi tu, akahamia kwa jirani. Nilikaa juu ya mawe siku hiyo nikajiuliza kama mimi ni mtu mwema au ni mjinga. Nikaendelea kuponda.

Mwezi wa tisa gari la Meneja likapanda mlima. Alishuka yeye mwenyewe, viatu vimejaa vumbi.

"Huko uwanjani hakuchezeki," alisema. Hakunisalimia. "Kila Jumamosi ni ugomvi. Kila mtu anasema kedi wa mwenzake anachimba mfereji. Juzi Mhasibu na Mganga wa Kambi nusura wapigane na fimbo. Wamekaa kikao. Wanataka ubao ushikwe na mtu mmoja tu, kwa wachezaji wote."

"Nani?"

"Unajua nani."

"Na karatasi?"

Akakohoa. "Iko kwenye gari."

Nikasaini palepale juu ya boneti, jina langu lote, herufi kubwa. Nyapara akasimama pembeni anashuhudia. Msamaha Meneja hakuuomba wakati ule wala baadaye, na mimi sikuudai. Njiani, tulipopita Kasekese, aliuliza swali moja tu.

"Ile siku, ilikuwa kweli nyayo mbili?"

"Mbili. Ukiwa na pumzi."

Nilishika ubao miaka mitano, mpaka mradi ulipoisha mwaka 1998 na kambi ikang'olewa. Mama alilala chini ya bati miaka yote hiyo. Uwanja sasa ni mashamba ya mahindi, brauni zimelimwa, ingawa ukichimba kwenye ya saba bado mchanga unanuka oili. Baada ya hapo nilirudi Kakese nikawa fundi wa kusawazisha majaruba ya watu, kwa miguu yangu na macho yangu, mpaka magoti yalipokataa. Ni kazi ile ile. Umati mkubwa hauitazami, na ukikosea maji yanakusema.

Nyie mnaoanza kazi leo mnapenda kuniuliza siri. Sina. Simama vile vile kila siku. Tazama mara mbili. Usiinue kichwa kabla kopo halijalia, na likikataa kulia usimsingizie aliyeburuza ubao.

Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vinne, bati. Majaruba kumi na mawili, yangu, siyo ya kukodi. Ng'ombe tisa. Pikipiki moja, inawaka ikitaka. Fimbo moja ya kuputi aliyoniachia Meneja siku ya kuondoka, akaiegemeza mlangoni. Na ubao wa mninga. Majirani huja kuuazima wakati wa kuandaa majaruba, nami nawapa. Ukirudi naunyanyua juani, naweka jicho kwenye ukingo wake. Mpaka leo umenyooka.