Unga wa Konokono wa Mama Kulwa

Enzi zetu pale Kambarage, watoto wengine walinuka vumbi la barabarani. Mimi na pacha wangu Kulwa tulinuka ziwa ambalo hatukuwahi kuliona. Lori lilileta magunia ya maganda ya konokono kutoka upande wa Geita, likayashusha uani kwetu, na mama akayatwanga kwenye kinu yawe unga wa kulishia kuku wa mayai ili maganda ya mayai yawe magumu. Sisi tulichekecha. Watoto wa siku hizi wanaamini yai linatagwa na trei.

Nakumbuka mlio wa kinu, mkavu kama meno yanayosagana, na uji tulioupuliza kwanza ili uondoke ukungu mweupe uliotua juu yake. Mama alitufunga vipande vya khanga puani na mdomoni, akavikaza mpaka masikio yakauma. Yeye hakujifunga. Biashara ile ilikuwa na desturi yake: kwa kuwa wapo waliochanganya mchanga, muuzaji alitafuna unga kwanza mbele ya mteja, kisha mteja naye akatafuna. Wateja walipishana mlangoni tangu asubuhi, na mdomo uliofungwa ulitiliwa shaka.

"Mama Kulwa, leo umetutilia mchanga wa mto mzima humu," Baba Neema, mfugaji jirani, alipenda kumtania.

"Tafuna tena, shemeji. Meno yako ndiyo mabovu."

Wafugaji walipoongezeka, bei ilipanda. Wazoaji wa ziwani wakaacha kuokota maganda makavu ufukweni, wakaingia majini kuchota konokono hai. Magunia yakaja yananuka nyama iliyooza. Baadaye maganda yakawa madogo kama kucha za mtoto, kisha lori likawa haliji kwa miezi. Chokaa ya kuku ya kiwandani ikajaa madukani, laini na ya bei nafuu. Mama akaamua kushindana nayo kwa ulaini: alichokwisha kukitwanga akakitwanga tena. Ndipo kikohozi kikahamia kwetu.

Nesi wa zahanati alimwambia aachane na kinu. Nami nikamsihi mama kwa lugha ya nyumbani, "Mayu, pumzika." Akafuta midomo yake myeupe.

"Wakishaizoea chokaa hawarudi. Mtakula nini?"

Waliizoea. Baba Neema alibaki wa mwisho. Siku moja mama alitafuna mbele yake, akakohoa, na unga uliotoka ulikuwa mwekundu. Baba Neema alinunua debe zima bila kuonja, akaondoka akitazama chini, na hakuja tena. Mama hakufika mavuno ya mwaka ule.

Siku hizi chokaa inakuja kwenye mfuko ulioshonwa. Kijana wa dukani anapima akiwa na barakoa, simu sikioni, na hakuna anayemtaka aonje chochote. Nimeifuta sentensi hiyo mara nyingi nikiogopa nitaonekana namwonea wivu. Namwonea.

Wenzangu wa rika langu hupenda kusema kwamba enzi zile watu waliaminiana. Hapana. Tungekuwa tunaaminiana, mama angefunga mdomo kwa khanga.