Pasiwedi ya Bosi

Mjukuu wangu ni fundi wa kompyuta Morogoro, na sioni haya kusema nimemlea mimi, kwa kuuza vitumbua stendi ya Mikumi. Mwaka huu aliahidi kulala kwangu siku tatu. Miaka miwili hakuwa amelala kwangu. Nikautangazia mtaa mzima.

Alifika asubuhi, akaniamkia, na chai hajaimaliza simu ikalia. Akafungua kompyuta yake mezani.

Alinieleza nikamwelewa. Kazini kwao kuna chuma kikubwa, na ndani yake zinaishi kompyuta nyingi zisizoshikika, kama wapangaji kwenye nyumba moja. Chuma kilitaka matengenezo. Kwanza wapangaji wahamishiwe chuma cha pili, taratibu, kazi zao zisikatike, halafu mwenzake aliyeko huko akifungue kile cha kwanza. Kuhamisha kunawezekana hata ukiwa mbali. Akiweza, anabaki kwangu. Akishindwa, anarudi Morogoro leo leo.

Akashindwa. Kila akibonyeza, kompyuta inamjibu hana ruhusa. Akaanza kutafuta kama mtu anayetafuta chawa: anatoka, anaingia upya, anajaribu mpangaji mmoja mmoja, anasoma orodha ya nani kapewa haki gani. Mimi nimekaa pembeni, simfai kwa lolote. Adhuhuri akaipata kasoro. Alikuwa amepewa haki juu ya wapangaji na juu ya chuma wanachotoka. Juu ya chuma wanachoingia, hakupewa. Nikamwambia hata binadamu ndivyo, ukiaga kwako na unakokwenda hawajakupokea, utalala njiani. Akacheka. Siku ile alicheka mara hiyo tu.

Haki hiyo ilikuwa ya bosi wake kuitoa. Bosi alikuwa anaingia kikaoni, hakutaka maelezo marefu. Akamtumia pasiwedi yake mwenyewe: ingia kwa jina langu, malizia.

Nikashusha pumzi. Mtoto akaweka simu chini, akakunja mikono.

"Itumie basi," nikamwambia. "Si kakupa mwenyewe?"

"Bibi, nikiingia kwa jina lake, mashine itaandika ni yeye kahamisha. Kikiharibika kitu, nani atajibu?"

"Atajibu yeye. Si ndiye bosi?"

"Wewe shambani ulifukuzwa kwa nini?"

Kisa hicho nilimsimulia mwenyewe alipokuwa mdogo, tena mara nyingi mno. Kwenye mkonge, Kilosa, mnyapara alikuwa akiita majina alfajiri. Shoga yangu hakuja, jina lake likaitwa, nikaitika mimi. Mchana zikapotea panga kwenye kundi lake, akaulizwa mtu ambaye hata hakuwepo. Tukafukuzwa wote wawili. Ndiyo maana nilimkanya mtoto huyu asiitikie jina lisilo lake, na nilimkanya kwa fimbo. Sasa nilikuwa namwomba aliitikie ili alale kwangu.

Bosi alikasirika. Akasema kama anajifanya msafi, aje ofisini jioni apewe hiyo haki yake. Basi la saa nane likamchukua na begi lake ambalo hakulifungua hata zipu.

Alinipigia jua linazama. Akasema kumpa ruhusa kulimchukua bosi muda wa kupiga chafya tu, na wapangaji wamehama wote, hakuna kazi iliyokatika. Ila sasa kuna chuma kingine kinachotaka matengenezo, na hajui atakuja lini. Nikamwambia amefanya vizuri. Nilikuwa nasema kweli.

Akakata. Jirani alikuwa kwenye ua wake anaanua nguo, ananitazama. Nikabaki na simu sikioni, naitikia ehe, ehe, mpaka alipoingia ndani.