Baba Mkwe Ameomba Suti Ipigwe Pasi, Anataka Kwenda Kaburini kwa Mama Yake

Admin, jina langu lifiche tafadhali, maana Watanzania wa London tunajuana kwa vilemba.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na mbili, Mchagga wa Marangu. Naishi Thornton Heath na mume wangu Mwingereza, hapa nitamwita Kevin. Kazi yangu ni kulea wazee. Nikitoka kwa wazee wa watu narudi kwa mzee wetu, baba yake Kevin, ambaye tunakaa naye tangu mkewe afariki. Ana miaka themanini na nne na moyo wake umechoka. Madaktari wametuambia tusitegemee mwaka mwingine. Kuna siku nampenda mzee huyu kuliko mwanawe, na Kevin analijua hilo.

Mama yake mzee alikuwa msichana wa Ireland aliyekuja London kufanya kazi za ndani. Mzee hakumjua. Alikulia kwenye nyumba ya watoto ya masista, na hata siku yake ya kuzaliwa hataki keki. Nilidhani ni ukorofi wa kizee tu. Mpaka siku moja namwosha miguu, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Unajua mimi nilimuua mama yangu?"

Nikamwambia, "Baba, usiseme hivyo."

"Alikufa akinizaa. Masista waliniambia nikiwa mdogo, kila nilipomlilia. Natamani nione alipolala, nimwombe msamaha kabla sijafa."

Nililia, jamani. Kwetu kaburi la mama liko kihambani, kwenye shamba la ukoo, nyuma ya migomba. Desemba tukienda nyumbani tunalifagia na kulisalimia. Na siku ya mazishi, wasifu wa marehemu ukisomwa bila jina la mama yake, watu wanaguna. Kwa hiyo nikaropoka, "Baba, mama hapotei. Kaburi lake nitakutafutia mimi." Mdomo huponza kichwa.

Nilianza na cheti chake cha kuzaliwa. Jina la mama lilikuwepo, pa baba palikuwa patupu. Nikajiunga na tovuti ya kumbukumbu za familia, nikawa nasoma kwenye treni nikienda kazini. Wasichana wa Ireland wenye jina lile walikuwa utitiri: wapishi, wafua nguo, wafagiaji wa hospitali. Nilitafuta kifo chake mwaka aliozaliwa mzee, hakuna. Mwaka uliofuata, hakuna. Nikawalaumu makarani wa zamani kwa uzembe. Kumbe nilikuwa natafuta kifo cha mtu aliyekuwa bado hai.

Kilichojitokeza ni cheti cha ndoa. Jina lake, jina la baba yake na kazi ya baba yake, vyote vililingana na kumbukumbu za ubatizo za parokia ya kwao Ireland. Miaka minne baada ya kumzaa mzee aliolewa na kibarua wa barabara, akapata watoto wengine wawili, akafua mashuka ya hoteli hadi akazeeka. Alifia Cricklewood, hapa hapa London. Baba mkwe aliendesha basi kupitia Cricklewood miaka nenda rudi. Huenda alishampandisha.

Nilikwenda makaburini peke yangu, mvua inanyesha. Kaburi lipo na jiwe lipo. Limeandikwa mwaka aliokufa, na chini yake, "Mama mpendwa wa Sean na Kathleen." Basi, hao wawili tu. Nilimchukia yule mwanamke pale pale. Halafu nikamwonea huruma, maana msichana asiye na ndoa, zama zile, nani angempangisha chumba akiwa na mtoto mkononi? Nani angempa kazi? Nilisimama na maua yangu ya supamaketi, mwisho nikarudi nayo nyumbani.

Kosa langu kubwa lilitokea mlangoni. Mzee aliona tope kwenye viatu vyangu na maua mkononi, akauliza, "Umempata?" Nami kabla sijafikiri nikajibu, "Nimempata, Baba. Yuko London hii hii." Mzee alicheka huku analia. Sikuwahi kumwona hivyo.

Kevin nilimweleza yote. Akakasirika. "Mpeleke kwenye kaburi lolote la zamani lililofutika maandishi, mwambie ndilo. Mwache afe kwa amani." Nikampigia mama yangu Marangu, nikidhani atakuwa upande wa Kevin, maana yeye ni mtu wa kufunika mambo. Badala yake akasema, "Mwanangu, humpeleki mtu akamlilie mama wa mwingine. Hiyo ni laana."

Nikimwambia ukweli, namtua mzigo wa miaka themanini: hakumuua mtu. Lakini namtwika mwingine hapo hapo: mama yake alikuwa hai, jirani, analea wadogo zake, na hakuja kumchukua. Muda wa kuuzoea huo mzigo mpya hana.

Tumepanga Jumapili. Ameshaomba suti yake ya harusi ya Kevin ipigwe pasi, na kila nikipita ananiuliza kama mvua itanyesha. Jana aliniita, akanishika mkono.

"Unadhani atanisamehe?"

Nilijibu nakwenda kuzima jiko, na jiko halikuwa limewashwa.

Ndugu zangu, nishaurini bila kunitukana, nifanye nini? Miguu ya mzee imekufa, moyo unakufa, lakini macho yake hayajambo. Jiwe lile atalisoma.