Kuku Niliyemfungua Darajani

Enzi zetu, nyinyi mliokulia Kitale na Bungoma miaka ya elfu mbili mtanikubalia, mgeni hakuondoka mikono mitupu, wala hakuondoka peke yake. Alisindikizwa. Si haya ya siku hizi, mtu anaaga na mwenye nyumba anampungia mkono macho yakiwa kwa simu.

Kwetu ni Matisi, pale Kitale mjini. Kila likizo ya Agosti nilipelekwa Tongaren kwa Senge, dada ya baba. Nilipenda mahindi yake mabichi, yale ya kuchomwa mpaka yanalia motoni. Nilipenda kuruka kamba uani na binti yake, Nafula, mpaka tuitwe mara tatu. Lakini nilimwonea haya Senge mwenyewe: nyufa za miguu yake, nyumba ya udongo, chai ya rangi karibu kila asubuhi. Mimi msichana wa taun bana, nilijiona mtu.

Nikiwa darasa la saba, asubuhi ya kurudi nyumbani, Senge alimshika kuku wake mwekundu, akamfunga miguu kwa kamba ya katani, akanipa. Tukashika njia. Umande ulitulowesha hadi magotini, na Mlima Elgon ulikuwa wazi kabisa. Senge hakunyamaza.

"Ona hiyo shamba. Mwaka jana mvua ya mawe ilimaliza yote, na si tulikula tu? Asiyeshukuru kidogo, hata kikubwa hatashukuru."

Nilimsikia, lakini mawazo yangu yalikuwa Kiminini. Gari lingesimama pale, na mama ya rafiki yangu wa darasani alikuwa na duka stejini. Wangeniona nimekumbatia kuku. Aibu gani hiyo!

Darajani Senge alisimama. "Mimi nirudi sasa, nikienda zaidi nitakuwa mgeni pia. Salimia mama. Mwambie asimchinje, huyo ni wa kutaga."

Nilingoja apotelee kwenye mahindi. Kisha nikachuchumaa, nikapambana na lile fundo kwa kucha, likakataa, nikalimaliza kwa meno. Kuku nikamsukumia vichakani.

Nyumbani mama aliuliza nimepewa nini. Nikasema, "Hakuna kitu."

Mama akasonya. "Kumbe amekuwa mchoyo hivyo?" Alikuwa akimtumia Senge sukari na majani chai kila Krismasi. Hakutuma tena. Mimi nami sikupelekwa tena, na sikuomba.

Nilirudi Tongaren miaka baadaye, siku ya kumzika Senge. Nafula alinivuta kando ya jikoni, akanionyesha kuku wekundu wakichakura.

"Hawa ni wako."

"Wangu kivipi?"

"Si wa yule kuku wako? Watoto wa jirani walimpata darajani, wakamjua, wakamrudisha. Mama alisema kamba ilifunguka yenyewe, ati lazima ulilia njia yote. Alikataa tumchinje. Kila kifaranga alimwita wa mtoto wa Matisi. Tulikungoja sana."

Yenyewe! Mwanamke aliyefunga kuku maisha yake yote alijua vizuri kwamba fundo lake halifunguki lenyewe. Alijua, akanifichia aibu yangu mbele ya watoto wake. Nafula akaniuliza kama kweli nililia siku ile. Nikajibu, "Ndiyo, nililia."

Sisi wa rika langu tukikutana, tunawasema watoto wa leo. Unamnunulia simu, anauliza mbona si ile kubwa. Tunacheka, tunatikisa vichwa, ati enzi zetu tulikuwa na shukrani. Mimi pia hutikisa changu. Lakini mama yangu yuko hai pale Matisi, na juzi tu, tukila, alisema tena kwamba Senge alikuwa mchoyo. Nikamwomba chumvi.